"Frateri, Na Sisi Siyo Kondoo?"



Leo sikuwa nimepanga kuandika juu ya jambo hili. Nilikuwa na makala nyingine kabisa, nusu imekwisha, inahusu sala ya jioni. Lakini kuna swali niliulizwa, nikalijibu haraka haraka kama mtu anayejua, na tangu siku hiyo halijaniacha. Basi naona bora niliandike hapa mbele yenu, hata kama na mimi litanivua nguo kidogo.

Wengi mnajua kwamba mwaka huu niko kwenye mwaka wa kichungaji hapa Kongowe. Kongowe ya Kibaha jamani, kwenye barabara ya Morogoro, siyo ile ya kule Mbagala. (Kila nikimpigia simu mtu wa Dar nikamwambia niko Kongowe, lazima aniulize kama nimeona foleni ya Mbagala.) Hapa mabasi ya mikoani yanapita usiku kucha, na mchana kazi yangu ni jumuiya, watoto wa Utoto Mtakatifu, wagonjwa, na VIWAWA.

Ilikuwa wiki ya Dominika ya Mchungaji Mwema. Paroko alinipa nafasi niongee na vijana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Nikawapeleka kwenye Yohane sura ya 10, pale Bwana anapomlinganisha mchungaji na mtu wa mshahara. Mbwa mwitu akija, wa mshahara anakimbia kwa sababu kondoo siyo wake, na mchungaji anabaki. Niliongea vizuri, nisiwafiche. Nilijisikia kabisa kwamba leo nimeongea vizuri. Si mnajua ile hali.

Watu walipotawanyika, dada mmoja wa sauti ya pili alibaki amekaa kwenye benchi. Yeye amekulia Bukavu, Kongo. Mama yake ni Mkongo, baba yake ni Mtanzania wa Kigoma ambaye alikwenda kule zamani kufundisha, akapanda taratibu mpaka akawa mkuu wa idara kwenye chuo kimoja. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukawa mikononi mwao. Mama na watoto wakavuka mpaka, wakazunguka, wakafika Kigoma, na huyu dada akaletwa hapa Kongowe kwa shangazi yake. Baba hakuja.

Akaniambia, kwa kile Kiswahili chao kizuri cha Kongo: "Frateri, papa alibakia. Ana pasipoti ya Tanzania mfukoni. Wenzake wengi walitoka. Yeye alisema wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawajamaliza, hawezi kuwaacha."

Nikamwona kama Mungu kanipa mfano wa bure wa kufungia mahubiri yangu. Nikamwambia, "Dada, mshukuru Mungu. Baba yako ndiye yule mchungaji mwema niliyekuwa namsema sasa hivi."

Akaniangalia. Hakukasirika. Akasema tu, "Na sisi je? Na sisi siyo kondoo?"

Kisha akachukua kitabu chake cha nyimbo akaondoka.

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Nina shahada. Nilikosa neno hata moja la kumwambia.

Wiki iliyofuata nilipata ruhusa nikaenda Kisarawe kumsalimia babu. Babu yangu alikuwa askari, alivuka Mutukula na jeshi letu mwaka 1979 kwenda kumng'oa Idi Amin. Tulipokuwa tunakunywa chai nikamweleza habari ya yule dada na baba yake. Nilitegemea atamsifu yule mwalimu aliyebaki, maana babu ni mtu wa kusimama mahali pake. Badala yake akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, unajua sisi tulitembea kwa miguu mpaka Kampala, tukazika wenzetu njiani, halafu akaletwa mkuu wa chuo kutoka Ulaya akae kwenye kiti siku sitini na nane?"

Nilikuwa nimesikia jina la Lule shuleni, mstari mmoja tu kwenye historia ya vita vya Kagera. Nimerudi nikamsoma. Na kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyoona kwamba huyu mzee anastahili kukaa kwenye lile benchi pamoja na yule dada na mimi.

Yusufu Kironde Lule alizaliwa Kampala mwaka 1912, katika familia ya Kiislamu, akawa Mkristo wa Kianglikana alipokuwa mwanafunzi pale Budo. Alisoma Makerere, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, baadaye Edinburgh, chuo kilekile alichokuja kusoma Mwalimu Nyerere. Alifundisha, akashika nafasi serikalini wakati wa mkoloni, na mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa Makerere. Wakati huo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na Chansela wake alikuwa Nyerere mwenyewe. Hebu fikiria ulikuwa wakati wa namna gani. Kijana wa Kibaha angeweza kwenda kusoma udaktari Kampala bila kujisikia kwamba amekwenda ughaibuni.

Lakini nchi ilianza kuchemka chini ya miguu yake. Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Amin, lilivamia kasri la Kabaka pale Mengo. Milio ya bunduki ilikuwa ndani ya mji uleule ambao Lule alikuwa anaongoza chuo. Kabaka Mutesa akakimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Mwaka 1970 kile chuo kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa, Makerere ikawa chuo kikuu cha taifa, na serikali ikamweka mtu mwingine kuiongoza, Frank Kalimuzo. Lule, mwenye miaka 58, akafunga virago.

Alikwenda London kufanya kazi kwenye Sekretarieti ya Jumuiya ya Madola, kisha Accra, Ghana, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Vyuo Vikuu vya Afrika. Umoja huo uliundwa Rabat mwaka 1967, ili vyuo vya bara hili vijuane na kusaidiana vyenyewe, visiwe vinaangalia Ulaya tu. Kazi ya mikutano, barua, ripoti. Na hata kule hakukuwa na utulivu, maana Ghana ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Acheampong walioipindua serikali Januari 1972. Mtu amekimbia moto nyumbani, anapika kwenye nyumba ya jirani ambayo nayo paa linafuka moshi.

Sasa tazama kilichotokea nyumbani. Januari 1971 Amin alitwaa nchi. Septemba 21, 1972, askari walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki mwenzetu, kutoka palepale Mahakama Kuu, hakuonekana tena. Mwaka huohuo wakamchukua Kalimuzo, yule aliyekalia kiti cha Lule. Naye hakuonekana tena. Januari 1973 Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kanisa, Munno, alikutwa amekufa ndani ya gari lililoungua. Februari 1977 wakamuua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikana.

Nimekaa muda mrefu na hilo jina la Kalimuzo. Kiti ni kilekile. Aliyeondolewa kwenye kiti akaishi, aliyekalishwa akafa. Lule angeendelea kupendwa na wakubwa mwaka 1970, huenda yeye ndiye angechukuliwa mwaka 1972. Kule Accra, asubuhi habari zilipomfikia, alijisikiaje? Alimshukuru Mungu? Aliona aibu kumshukuru? Mimi ningeona aibu. Kama umewahi kukosa basi halafu ukasikia limepata ajali, unaijua hiyo shukrani isiyo na utamu.

Hapa ndipo nilipoona kosa la mahubiri yangu. Niliwafundisha vijana kwamba anayebaki ni mwema na anayeondoka ni wa mshahara, basi, mwisho wa habari. Lakini Bwana huyohuyo, katika Mathayo sura ya 10, anawaambia wanafunzi kwamba wakiteswa mji huu wakimbilie mwingine. Na yeye mwenyewe, kabla hajajua hata kutembea, alikimbizwa usiku kwenda Misri mikononi mwa Yosefu. Hakuna anayemwita Mtakatifu Yosefu mwoga. Watoto wengine wa Bethlehemu walibaki na wakauawa, na Kanisa linawakumbuka tarehe 28 Desemba. Yosefu alikuwa na mtoto mmoja wa kumwokoa, akamwokoa.

Hata kwenye falsafa tuliyosoma, jambo hili halijawahi kuwa jepesi. Sokrate alikuwa na marafiki waliokwisha kuandaa kila kitu atoroke gerezani, akakataa, akanywa sumu. Kila mwaka wa kwanza wa falsafa anampenda Sokrate kwa hilo. Lakini Aristotle, miaka zaidi ya 70 baadaye, alipoona watu wa Athene wanamgeukia, aliondoka akaenda Chalcis, na inasimuliwa kwamba alisema hataki kuwapa nafasi ya kuikosea falsafa mara ya pili. Tukiwa darasani tulimcheka Aristotle. Mmoja wetu alisema "mzee alikimbia akaipaka rangi". Leo sina hamu ya kumcheka.

Na watakatifu wetu je? Siprian, Askofu wa Kartago, alijificha wakati wa dhuluma ya Desio mwaka 250, akaliongoza jimbo kwa barua, watu wakamsema vibaya sana. Mwaka 258 zamu nyingine ilipofika, hakujificha, akakatwa kichwa. Mtu yuleyule! Atanasi wa Aleksandria alifukuzwa mara tano, miaka kama 17 kwa jumla nje ya jimbo lake, akalazimika kuandika kitabu kizima kujitetea kwa nini alikimbia. Hoja yake mojawapo ni kwamba hata Bwana alijificha kabla saa yake haijafika.

Aliyenisaidia zaidi ni Agostino. Karibu na mwaka 429, Wavandali wakiwa wanaiharibu Afrika ya Kaskazini, askofu mmoja aitwaye Honorato alimwandikia akimuuliza: tukimbie au tubaki? Agostino alimjibu kwa barua ndefu, na ndani yake anazishika Injili zote mbili, ile ya mchungaji na ile ya kukimbilia mji mwingine, hataki kuiacha hata moja. Jibu lake, nikilisema kwa maneno yangu, ni hili. Kama anayewindwa ni wewe peke yako, na wapo wengine wa kuwahudumia watu, waweza kwenda, wala hujawakosea. Kama hatari ni ya wote, wote na waende mahali salama pamoja. Lakini kama watu hawawezi kuondoka, na wewe ukiondoka hakuna wa kubatiza mtoto wala wa kumpa anayekufa Ekaristi, basi kaa. Kwa hiyo swali la Agostino halianzi na moyo wako una ujasiri kiasi gani. Linaanza na wale unaowaacha: ukiondoka, nani atakosa mkate?

Na yeye alibaki. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, mji wake wa Hippo ukiwa umezingirwa.

Nikimpima Lule kwa kipimo hicho, sioni mtu wa mshahara mwaka 1970. Kiti kilikuwa kimechukuliwa, chuo kilikuwa na mkuu mwingine, hakuna mwanafunzi aliyekosa kitu kwa sababu yeye alipanda ndege. Na mkate aliokuwa nao aliendelea kuumega alikokwenda. Nabii Yeremia, sura ya 29, anawaandikia Wayahudi waliokuwa utumwani Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji walimopelekwa. Naona Lule alifanya hivyo. Hakukaa hotelini akilaani. Alijenga kazi ya vyuo vya Afrika nzima akiwa katika nchi ya watu.

Mwaka 1979 ndipo mambo yanakuwa magumu zaidi. Oktoba 1978 Amin aliivamia Kagera. Jeshi letu likamrudisha nyuma, likavuka mpaka. Machi 1979, wakati babu na wenzake wakiwa bado vitani, Waganda waliokuwa uhamishoni walikusanyika Moshi, vikundi zaidi ya 20, wengine hawaaminiani hata kidogo. Walihitaji mtu asiye na jeshi, asiye na maadui wengi, mwenye heshima. Wakamchagua yule mzee wa chuo. Kampala ikaanguka Aprili 11, na Aprili 13 Lule akaapishwa kuwa Rais wa Uganda, akiwa na miaka 67.

Fikiria ungekuwa wewe. Umri wa kustaafu umeshapita. Una amani yako London. Nchi haina maduka, haina polisi, hospitali zimeporwa, waliokupa kiti ndio walewale wanaoweza kukunyang'anya. Angesema "hapana" nani angemlaumu? Alikwenda. Hapo mimi namvulia kofia.

Lakini siwezi kuwaficha kwamba alikosea pia, walau ninavyoona mimi. Moshi walikubaliana kuwe na Baraza la Ushauri la Taifa, na rais asiteue wakubwa peke yake. Lule aliteua na kubadilisha mawaziri bila kulipitisha jambo kwenye baraza. Yeye aliamini ana mamlaka hayo, wao waliamini hana. Tarehe 20 Juni 1979 baraza likamwondoa, likamweka Godfrey Binaisa. Siku sitini na nane, babu hakukosea hesabu. Kampala watu wakaingia barabarani wakimtaka Lule wao arudi, haikusaidia. Wapo wanaosema alionewa, na kwamba Tanzania nayo ilikuwa na mkono wake katika hilo. Mimi nampenda Mwalimu Nyerere na namwombea atangazwe mwenyeheri, lakini kumpenda hakunilazimishi niseme kila lililofanyika mwaka ule lilikuwa safi.

Nadhani ninamwelewa Lule kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Kwenye nyumba ya malezi niliyosomea niliwahi kupewa uongozi wa kikundi fulani cha wanafunzi. Nilikuwa na mipango mizuri kweli. Nikabadilisha ratiba ya usafi na ya michezo bila kumwuliza mtu, maana niliona ni jambo lililo wazi, nani atapinga kitu kizuri? Wakapinga. Nikatolewa kabla ya muhula kwisha, na nilinuna wiki mbili nikisema wenzangu hawana shukrani. Mkuu wa chuo, profesa, frateri, mwenyekiti wa VIWAWA, wote tuna ugonjwa huu: tukishajua jibu, kukaa na watu tunaona ni kupoteza muda. Kumbe wale unaotaka kuwaongoza wanataka kuulizwa kabla ya kuokolewa.

Na hapo nikarudi kwenye lile benchi. Yule baba wa Bukavu. Je, aliwauliza?

Sijui mioyo ya watu, na huyo baba simfahamu. Ila nilichokifanya mimi nakijua: nilimpa cheo cha mchungaji mwema bila kumwuliza binti yake usiku ule ulikuwaje. Kwa kipimo cha Agostino, wanafunzi wake hawawezi kuondoka, ni wana wa pale. Akiondoka yeye, na wengine wakaondoka, nani atasimamia mitihani yao, nani atasaini vyeti vyao? Hilo ni kweli. Lakini kuna watoto wanne pia, na mama yao, nao ni mkate wake wa kuumega. Agostino alikuwa anamwandikia askofu asiye na mke wala watoto. Barua ile haikunipa jibu la baba mwenye idara mkono mmoja na familia mkono mwingine, na mimi sina haki ya kulijaza pengo hilo kwa maneno matamu ya Dominika ya Mchungaji Mwema.

Bukavu yenyewe ina mchungaji wake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996 vita vilipoingia. Alikuwa amebaki. Zamani, mwaka 1971, Mobutu alipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, yeye akiwa padre mlezi aliomba aandikishwe pamoja nao. Yule dada anamjua vizuri kuliko mimi, kwao jina lake linatajwa hadi leo. Nilipomtaja aliniambia, "Ndiyo Frateri, lakini Monsenyeri hakukuwa na binti." Alishafika huko kabla yangu.

Maana nilimtafuta, ndiyo. Jumamosi iliyofuata, kabla ya mazoezi. Nilimwomba msamaha kwanza. Nikamwambia nilimjibu kama mtu anayetaka kumaliza kipindi. Nikamweleza habari za Lule, na Kalimuzo, na Yosefu aliyekimbia usiku, na ile barua ya Agostino. Alisikiliza yote akiwa anakunja na kukunjua karatasi ya nota. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Huyo Lule, mwishowe alirudi kwao?"

Nikamwambia ukweli. Baada ya kuondolewa aliishia tena London. Mwaka 1981 kundi lake liliungana na la Museveni, yeye akawa mwenyekiti, lakini hakuiona siku ya mwisho. Alifia London tarehe 21 Januari 1985. Kampala ilichukuliwa Januari 26, 1986, mwaka mmoja na siku tano baadaye. Mwili wake ndio uliorudi, ukazikwa Kololo, na leo kuna barabara Kampala yenye jina lake. Nikamkumbusha Yusufu mwingine, wa kitabu cha Mwanzo, aliyewaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki Misri, na Musa akaibeba kweli siku ya kutoka.

Akasema, "Mimi sitaki mifupa, Frateri. Nataka papa."

Nikasema ndiyo. Sikuongeza kitu.

Baadaye shangazi yake aliniambia kwamba mtandao ukiwa mzuri baba hupiga Jumapili usiku, na binti amekuwa hapokei. Anampa shangazi simu, anatoka nje. Nikamwuliza mwenyewe, taratibu, kama amewahi kumwambia baba yake lile swali aliloniambia mimi. Hajawahi. Amemwuliza frateri asiyemjua, hajamwuliza aliye na jibu. Nikamwambia kumwuliza siyo kukosa adabu. Zaburi zimejaa watu wanaomwuliza Mungu mwenyewe kwa nini amewaacha, na Bwana msalabani aliuliza vilevile. Kama Baba wa mbinguni anaulizwa, wa Bukavu naye aulizwe, na apewe nafasi ya kujibu, hata jibu lisipopendeza.

Hakuahidi.

Vijana wangu, wengi wenu mnaniandikia mkisema mnataka kutoka. Mmoja kapata nafasi ya kufundisha nje, mwingine ni nesi anasubiri viza, mwingine amechoka tu na hali. Mnaniuliza kama ni dhambi. Sitawajibu tena kwa aya moja ya Yohane. Mkiniuliza, nami nitawauliza maswali ya yule mzee wa Hippo: nani anabaki nyuma yako, atakosa nini, na je, umekaa naye chini mkaongea kabla hujakata tiketi? Na ninyi mnaobaki mkijisifu kwamba mmebaki, nawauliza hayohayo.

Dominika iliyopita, kwenye sala za waamini, kuna ombi liliandikwa kwa kalamu chini ya yale yaliyochapwa. Waliowahi kusoma maombi wanajua jinsi yale ya kalamu yanavyokutetemesha. Liliomba kwa ajili ya walimu wote walio mbali na nyumba zao, na kwa ajili ya watoto wao ambao wamekasirika. Msomaji alisita kidogo pale kwenye "wamekasirika", kisha akalisoma kama lilivyo. Kanisa zima likaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Jioni ile nilipita kwa shangazi kuchukua sufuria za jumuiya. Yule dada alikuwa amekaa kizingitini, simu iko mapajani, imechomekwa kwenye chaji, waya umevutwa mpaka mlangoni. Akanisalimu. Sikukaa, nikabeba sufuria zangu nikaondoka.

Msaidieni kwa fumbo moja la rozari wiki hii. Na baba yake pia.